Jina la Utotoni Nililolifanya Paswedi

Nimestaafu. Mkimaliza kucheka niambieni niendelee. Nina miaka thelathini na nne, meno yote yapo, na nikikasirika bado nasikika mpaka stendi, lakini kazi ya steshenari nimeiacha. Miaka kumi na nne nimekaa kwenye chumba kimoja hapa Masasi, mashine ya fotokopi kulia, kompyuta mbili kushoto, mie katikati. Kazi nyingine sijawahi kufanya, na hii sikufundishwa chuoni. Cheti changu ni cha kidato cha nne, nacho tusikijadili.

Nawaandikia nyie wadogo zangu mnaozishika hizi kazi sasa. Watu watakuja kwenu muwafungulie imeili, muwajazie fomu za chuo, za ajira, za cheti cha kuzaliwa. Mtu anakaa mbele yako anakutajia tarehe yake ya kuzaliwa, jina la mama yake, namba ya simu, halafu anakutajia na paswedi. Hata mume wake hamtajii. Sasa kuna binti wa Lupaso, anaitwa Somoe, nusura akose nafasi yake ya chuo cha uuguzi kwa sababu yangu. Sikumwibia na sikumchukia. Nilimpa ushauri, tena ushauri niliokuwa najivunia kuliko kitu chochote kwenye kazi hii. Habari hiyo nawapa yote bila kujipendelea. Ila mnivumilie, maana mie nikianza kusema siendi njia iliyonyooka.

Aliyeniingiza kwenye kazi ni Bi Hilda, mpiga chapa wa ofisi za zamani, enzi za taipureta. Yeye alikuwa amestaafu kustaafu kwa kweli, si kama mie. Akaweka meza barazani, anawaandikia watu barua. Mie nilikuwa nauza vocha pembeni yake, kila saa namuuliza hiki ni nini, na hiki je, mpaka akachoka akanipa kiti. Kompyuta ilipokuja tulijifunza wote wawili, mie nikiwa mbele kidogo kwa sababu sikuwa na adabu ya kuogopa kubonyeza.

Bi Hilda alikuwa na jambo moja lililonishangaza. Akimaliza barua, ile karatasi ya kaboni anaichoma mwenyewe na anasimama hapo mpaka iwe majivu. Nikamuuliza kuna nini, mbona anaunguza mali. Akanisimulia kwamba zamani mwalimu mmoja aliandikiwa barua ya kuomba uhamisho, mtu akaokota kaboni kwenye pipa, akaiinua juani, akaisoma yote. Mwalimu anafika shuleni mchana, wenzake wameshaanza kumuaga.

"Barua imeondoka, kaboni imebaki," akaniambia. "Wewe Zai, unalinda ipi?"

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sikuelewa kitu. Nilipofungua duka langu, chini ya mashine ya fotokopi niliweka kaunta buku la kurasa mia mbili, na humo niliandika imeili na paswedi za wateja wangu wote kwa kalamu ya wino, kwa mpangilio wa herufi, na mistari nilipiga kwa rula. Nilikuwa nawaonyesha watu nione wanavyoshangaa usafi wa kazi yangu.

Kaunta buku lilianza kwa sababu ya kusahau. Mtu unamfungulia imeili Januari, anarudi Julai anakutazama tu. Dada Zai, ile tuliandikaje? Mwanzoni kila mteja nilimpa paswedi moja ileile, jina la duka langu na namba tatu. Msinitazame hivyo. Nendeni mkaulize steshenari zote mnazozijua, muone kama ni mie peke yangu. Halafu nikaona ni aibu, mtu mmoja akijua yake amejua za wote. Nikakaa nikafikiri, na siku moja akili ikanijia.

Wa huku mnajua, lakini labda unasoma hii uko Tabora, kwa hiyo naeleza. Kwetu, uwe Mmakonde, Mmakua au Myao, mtoto akienda jandoni au unyagoni anatoka na jina jipya. Lile la utotoni linabaki kulekule. Ukimwita mtu mzima kwa lile jina umemtukana, umemtukania na mama yake, na unaweza kuitwa mbele ya wazee. Basi mie nikajiuliza, ni neno gani mtu halisahau mpaka anazikwa, na hakuna atakayethubutu kulitamka? Nikawaambia wateja wangu, weka lile jina uliloliacha, na mwaka uliotoka jandoni au unyagoni.

Wengine walicheka, wengine waliona haya, akina mama walifunika mdomo kwa kanga. Lakini tangu siku hiyo hakuna aliyesahau. Hata mmoja. Watu walikuja kutoka Nanganga na Lisekese, wengine walishuka kutoka Newala, wanasema tumesikia kwako paswedi hazipotei. Nilitembea kifua mbele kwenye huu mji. Nilijiona fundi.

Tazameni kosa lilipo. Lile jina halitamkwi, sawa. Lakini nani asiyelijua? Bibi yako analijua. Jirani analijua. Wote mliotoka nao mwaka ule wanalijua, na mwaka pia wanaujua kwa sababu na wao walitoka. Miaka minne niliwafungia watu milango kwa ufunguo ambao kijiji kizima kilikuwa nao mfukoni, na nikajisifu kwa sababu kila mtu alikuwa na adabu ya kutoutoa.

Na kibaya zaidi, wakati huo mie mwenyewe nilikuwa nimeshajua njia bora. Hili ndilo linalonikasirisha mpaka leo. Mwaka mmoja kabla ya habari ya Somoe, ukurasa wangu wa biashara mtandaoni ulichukuliwa. Jina langu, picha yangu, mtu mwingine anaongea humo. Nilipiga kelele siku mbili, siku ya tatu nikanyamaza nikaanza kusoma. Video baada ya video, bando likiisha nanunua jingine. Ndipo nikakutana na apu ya kutunza paswedi.

Ni kama sanduku la chuma ndani ya simu. Kila akaunti yako inapewa paswedi yake, ndefu, ya ovyo ovyo, herufi na namba ambazo hata wewe huzijui. Sanduku linakukumbukia. Wewe unashika neno moja tu, la kufungulia sanduku. Ukitaka kuingia kwenye imeili, sanduku linajaza lenyewe.

Wiki za mwanzo niligombana nalo. Siku moja kwenye kundi la watu wa steshenari ilitumwa linki ya kupakia fomu, nikaifungua, ukurasa ni uleule, rangi ileile, nembo ileile. Nasubiri sanduku lijaze, halijazi. Nabonyeza tena, limekaa kimya. Nikalitukana kwa Kimakonde, nikapiga meza, mteja akahama benchi. Nikasema hili bovu, naandika mwenyewe. Vidole viko hewani, nikatupa jicho juu kwenye anwani. Herufi moja imezidi. Ukurasa ulikuwa wa wezi. Sanduku lilijua pale si kwake, na mie na macho yangu mawili nilikuwa naingia. Niliifuta ile linki, nikawapigia wote wa kundi mmoja mmoja. Wawili walikuwa wameshaandika.

Sasa niulizeni. Zai, uliwafundisha wateja wako? Sikuwafundisha. Nilijiambia hawa watu wa mashambani hawataweza, wao waendelee na majina yao. Mie sanduku la chuma, wao majina ya utotoni. Nimeliandika hili wazi ili msije mkasema hamkuonywa. Hiyo "hawataweza" ndiyo dharau kubwa kuliko zote kwenye kazi yetu.

Basi tuje kwa Somoe.

Alikuja dukani asubuhi na mapema, siku ya mwisho ya kuthibitisha chuo. Amefuatana na mama yake. Alikuwa amechaguliwa uuguzi, chuo kipo mkoa mwingine, na ili nafasi isiende kwa mtu mwingine ilibidi athibitishe kabla ya saa kumi jioni. Kuthibitisha kunataka namba ya siri inayotumwa kwenye imeili. Nikamwambia kaa mdogo wangu, dakika tano tu. Nikaandika imeili, nikaandika lile jina lake na mwaka. Ikakataa. Nikarudia taratibu. Ikakataa. Nikafungua kaunta buku kuhakikisha, na ninyi mnajua mwandiko wangu, hausomeki vibaya.

Imeili ikaniambia paswedi ilibadilishwa jana. Nikajaribu kuirudisha kwa namba ya simu ya akiba. Ile namba ilikuwa ya laini ya mama yake ya zamani, iliyoanguka kisimani. Andikeni hilo kwenye kuta zenu: namba ya akiba iwe laini iliyo hai, na kila ukibadili laini rudi ubadili na huku.

Nikamgeukia Somoe. Hakuwa analia. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Unamjua aliyefanya," nikamwambia.

"Ni Issa."

Issa ni mtoto wa mjomba wake, dereva bodaboda hapa mjini. Wamekulia uwanja mmoja. Watu wa Issa walikuwa wameshapeleka barua ya posa kwa kina Somoe, na Issa alikuwa amesema kwa kila mtu kwamba mwanamke akienda chuo miaka mitatu mkoa wa mbali harudi. Kwa hiyo hakupigana na mtu. Aliingia kwenye imeili ya Somoe, akabadili paswedi, akakaa kusubiri saa kumi ipite.

Mie hasira zangu mnazijua. Sikufunga hata duka. Nilikwenda kijiwe cha bodaboda kama mtu anayekimbilia moto, Somoe nyuma yangu, mama yake nyuma kabisa kwa mwendo wake wa pole. Issa yuko juu ya pikipiki yake, injini inaunguruma, anacheka na wenzake. Sikumsalimia. Niliunyofoa ufunguo, pikipiki ikazima, nikautia mfukoni.

Wenzake wakafurahi, wakamwambia leo umepata abiria. Yeye akashuka.

"Dada Zai, nipe ufunguo wangu."

"Nikiwa na ufunguo wa pikipiki yako, pikipiki inakuwa yangu?"

"Mimi sijaiba kitu cha mtu."

Nikaanza kuongea, na nikianza mnajua. Nilimwambia mengi, mengine siyaandiki. Na yeye alikuwa anatabasamu tu, kwa sababu kelele zilikuwa upande wake. Kadiri ninavyopayuka, ndivyo ilivyokuwa ugomvi wa Zai kama kawaida, na saa zinakwenda. Niliacha mwenyewe nilipomuona Mama Somoe amefika.

Issa akashusha kichwa. "Shikamoo shangazi."

Mama Somoe hakuitika. Kwetu shangazi asipoitika shikamoo, watu wanaacha wanachofanya. Bodaboda wote wakaacha kucheka.

"Kwenye kitu cha mwanangu uliingiaje?" akamuuliza.

"Nilijua paswedi, shangazi."

"Nani alikupa?"

Akanitupia jicho. "Hakunipa mtu. Mji mzima unajua Dada Zai anawaandikisha nini."

"Kwa hiyo ulilitaja."

"Sikulitaja shangazi. Niliandika tu."

"Kwa kidole chako."

"Ndiyo."

Mama Somoe akasogea hatua moja. Sauti hakupandisha. "Kama si kitu, basi litaje. Hapa, mbele ya wenzio, na mwenyewe huyu amesimama."

Wadogo zangu, nimeshuhudia ugomvi mwingi pale stendi, mwingine nimeuanzisha mwenyewe, lakini kimya kama kile sijakiona. Dereva mmoja akaanza kufuta kiti cha pikipiki yake ambacho hakikuwa na vumbi. Mwingine akaisukuma ya kwake taratibu akaondoka kabisa, hakutaka kuwepo. Issa alifungua mdomo, akaufunga. Akamtazama Somoe, na Somoe alikuwa anamtazama usoni, hakukwepa. Jasho likamtoka kijana wa watu. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu, akampa shangazi yake kwa mikono miwili.

Nilidhani imekwisha. Nikawa nanyoosha mkono nichukue simu, Mama Somoe akanigeukia.

"Na wewe mwanangu Zai. Siku ile ya kufungua, mtoto alikutajia dukani kwako?"

"Alinitajia, mama."

"Kulikuwa na watu?"

Nikakumbuka. Foleni ya fotokopi ilifika mlangoni. Nilimwambia Somoe sema kwa sauti, mashine inapiga kelele, sisikii.

"Walikuwepo, mama."

Akageuka, akaanza kuondoka. Angenitukana ningepata pa kushika.

Nikamrudishia Issa ufunguo wake, akatutajia paswedi aliyoiweka, tukarudi dukani na simu yake. Kwenye simu ya Issa tukaikuta imeili iko wazi, tukabadili paswedi, tukamtoa yeye. Ile namba ya siri alikuwa ameifuta, ikabidi tuombe nyingine. Mtandao siku hiyo ulikuwa unakwenda na kurudi, kwa sababu nchi nzima ilikuwa humo inathibitisha. Saa saba hatujapata. Saa nane ukurasa unazunguka. Nilizima kila kitu dukani, fotokopi, kompyuta ya pili, simu yangu, nikamwambia kila aliyekuja kwamba leo hakuna kazi, nendeni kwa jirani. Somoe alikaa na kalamu mkononi, tayari kuiandika namba ikija, kana kwamba itakimbia. Saa nane na nusu namba ikaingia. Akaisoma yeye mwenyewe, akaiandika yeye mwenyewe, akabonyeza yeye mwenyewe. Umethibitisha. Akalisoma lile neno kwa sauti mara tatu, mara ya tatu akamsomea mama yake, ambaye hajui kusoma lakini aliuweka mkono juu ya kioo.

Ya Issa yalikwenda kwa wazee wa pande zote mbili. Mie sikualikwa, na nilistahili kutoalikwa.

Nafasi ilikuwa salama, ila akaunti ya Somoe haikuwa. Kulikuwa na wiki kadhaa kabla ya chuo kufungua, barua zote za kujiunga zingepitia humo, na paswedi tuliyoibadili siku ile tuliibuni kwa haraka, mie na yeye. Maana yake niliijua. Na wengine wote waliokuwa kwenye kaunta buku je?

Kwanza nilikosea tena. Usiku na mchana nilihamisha kaunta buku lote kwenye sanduku langu, kwenye simu yangu, paswedi mpya kwa kila mtu. Nikaenda kumwonyesha Bi Hilda, amekaa kitini kwake, macho hayaoni vizuri. Nikamweleza kwa majivuno. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kaboni nimeihamishia wapi. Nikakaa chini. Vitu bado vilikuwa vya watu na bado vilikuwa kwangu.

Basi nikafunga duka, ndiyo mwanzo wa kustaafu kwangu, nikaanza kutembea. Kila mtu sanduku lake, kwenye simu yake, neno la kufungulia analijua yeye. Nanganga, Lisekese, vijiji vya njiani, nikapanda mpaka Newala. Wale niliosema hawataweza, waliweza. Mkulima anayekumbuka mkorosho upi ulizaa vibaya mwaka gani anashindwaje kukumbuka maneno matano?

Niliwafundisha hivi. Apu unaichukua kwenye duka la apu la simu yenyewe, usichukue kwa linki ya kutumiwa. Neno la kufungulia liwe maneno manne au matano yasiyojuana, kama mtu aseme kiatu, mvua, redio, ndimu, askari. Hayo nimeshayasema, msiyatumie. Yasiwe jina la mtoto, wala timu yako, wala kitu kinachojulikana kwako. Yaandike kwenye karatasi, karatasi iende kwenye sanduku la nguo au unapoweka hati ya shamba, isikae ndani ya kava la simu. Ukiyasahau na karatasi imepotea, hakuna fundi atakayekufungulia, hata mwenye apu hawezi, na ndivyo inavyotakiwa. Simu yenyewe iwe na kufuli. Na imeili iulize namba ya pili, inayotumwa kwenye simu yako, kila mtu mgeni anapotaka kuingia.

Mama mmoja wa Nanganga alichagua maneno yake vizuri kabisa, kisha akampigia kelele mumewe aliyekuwa upande wa pili wa uwanja, Baba Rehema, nikisahau nikumbushe, akayataja yote matano. Majirani wakaitikia kwamba wamesikia na wao watamkumbusha. Tukaanza upya.

Newala kulikuwa na ukungu asubuhi ile, mzee mmoja akanipokea na blanketi mabegani. Nilipomwambia tunaondoa lile jina, akashikilia simu. Nikadhani anaogopa. Akaniambia aliyekuwa anamwita kwa jina lile ni mama yake peke yake, na tangu afe hakuna mahali pengine palipobaki pa kuliandika. Alikuwa anafungua imeili hata kama hategemei barua. Mwisho nikamwomba aliandike kwenye daftari, kila siku kama anapenda, na huku tuweke mengine. Akafikiri sana. Alichagua maneno yake kwa Kimakonde, taratibu, na simu aliiegemeza kifuani ili nisione. Nilifurahi mpaka nikasahau baridi.

Lupaso niliiacha ya mwisho. Niseme ukweli, niliona aibu.

Nilifika mchana, siku moja kabla Somoe hajasafiri. Begi liko mlangoni limefungwa kwa kamba, juu yake kuna ndoo mpya na godoro. Mama Somoe anachambua mbaazi kwenye ungo. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, na mie nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Nikawaeleza nilichokuja kufanya. Somoe akaleta simu, tukakaa mkekani. Yeye ni mwepesi, kila hatua naanza kuieleza ameshaimaliza. Tukaingiza imeili, tukaingiza akaunti ya chuo, sanduku likatengeneza paswedi zake ndefu, akacheka kuziona. Nikafuta yake kwenye simu yangu mbele yake, na ukurasa wake kwenye kaunta buku nikauchana nikampa.

Ikabaki neno la kufungulia. Mie nikainama juu ya kioo kama nilivyoinama miaka yote, juu ya mabega ya watu wote, hata sikujua nimeinama.

"Dada Zai."

"Naam."

"Geuka."

Nikamtazama mama yake, nadhani nilitaka kutetewa. Mama Somoe aliendelea na mbaazi zake.

"Umesikia, mwanangu. Geuka."

Nikageuka. Nikakaa nimewapa mgongo, natazama mikorosho yao na kuku wawili waliokuwa wanagombea kivuli. Nyuma yangu nasikia kucha yake inagonga kioo. Inagonga, inasimama, inafuta, inaanza tena. Ilichukua muda mrefu kweli. Mara mbili nilitaka kuuliza kama amekwama, mara mbili nikaung'ata ulimi, na wanaonijua watawaambia hiyo haijawahi kutokea.

"Tayari," akasema.

"Utalikumbuka?"

"Hilo si lako tena, dada."

Mama yake akacheka, cheko la kwanza nililolisikia kwake tangu siku ya kijiweni. Nilipanda bodaboda nikarudi Masasi, sijui kitu, na njia nzima dereva ananiuliza kuna nini mbona nacheka peke yangu.